Kandambili za Eleuterio

Basi limenitua Almeria saa mbili asubuhi.
Kituoni kunanuka kahawa na dizeli,
madirisha ya mji bado yamefumba
kama mtu aliyekesha.
Sina mwenyeji. Simu ilizimika njiani
wala sikuilaani.
Nikaiuliza miguu: wapi?
Ikateremka. Kila mteremko hapa
una ahadi ya maji mwishoni.

Mwanamke mwenye aproni aliniona
nikiokota chungwa chini ya mti wa barabarani.
Akakunja uso mzima, paji hadi kidevu,
kunieleza, bila neno, uchungu wake.
Nikalitia mfukoni hata hivyo.

Sokoni, kamba wekundu juu ya barafu,
bei kwa chaki, sauti kwa fujo.
Kijana mwenye hereni akasema *aceituna*,
nami nikasikia zaituni.
Akasema *azúcar*, nikasikia sukari.
*Azafrán*: hiyo sikungoja amalize.
Nikacheka peke yangu kama mwehu.
Mgeni mmoja alipita kwao, akapita kwetu,
akasahau mizigo pande zote mbili.

Ngome ya kale iko juu, nami sikujiandaa kwa ngazi.
Jua lilipofika utosini, soli ya kulia
ikafungua kinywa, ikaanza kula kokoto.
Nikashuka na mguu mmoja wenye adabu
na mmoja unaoropoka.

Eleuterio, fundi viatu. Duka lake upana wa kitanda.
Jina langu ni Ng'humbi; herufi za mwanzo tu zilimshinda.
Akatazama dari, akaandika kwenye karatasi: *Fulano*.
Fulani!
Nimevuka bara zima
nikafike mahali ninapoitwa fulani,
tena nimevaa fulana.
Akainua vidole vitano, yaani kumi na moja kwa saa zetu:
sasa duka linafungwa, watu wakalale.
Akavua kandambili zake, akanisukumia kwa unyayo.

Nyuma yangu alisimama Bakary, wa Gambia,
mkononi mabuti yenye udongo wa vitalu vya nyanya,
zile paa za plastiki nilizoziona kutoka ngomeni
nikadhani ni bahari ya pili.
"Unatafuta kazi?" Kiingereza chetu cha shule.
"Hapana. Natembea tu."
"Kutembea tu."
Hakuwa anauliza. Alilirudia polepole
kama mtu anayepapasa kitambaa
asichokusudia kununua.

Mchana huo nilizunguka La Chanca,
nyumba za rangi, moja kijani, moja waridi,
moja ambayo rangi ilimwishia mwenyewe katikati ya ukuta.
Hakuna mtu. Kandambili zikipiga pa, pa,
kubwa kwangu kwa vidole viwili.
Nyuma ya pazia sauti ya mwanamke: "Eleuterio?"
Aliijua mipigo.
"Fulano," nikajibu.
Kimya. Kisha kicheko kirefu, kisha sahani.

Kwenye gati la chuma, lililokuwa likipakia madini,
nikalimenya chungwa.
Yule mama hakunidanganya.
Nikala nusu kwa ukaidi
nikilifikiria neno langu, tu.
Neno dogo hivyo,
na humo ndani mna pasi, tiketi ya kurudi,
likizo yenye mshahara,
na daktari aliyeniambia kutembea ni vizuri kwa moyo.

Saa kumi na moja kiatu kimeshonwa, kimepakwa nta.
Mabuti ya Bakary bado yako kwenye rafu;
na yeye ana karatasi yake, imeandikwa *Fulano*.
Eleuterio akavaa kandambili zake zikiwa bado za moto.
"*Hasta luego*," akasema,
na hiyo *hasta* nayo niliijua: ni hata yetu,
hata lini, hakuna aliyesema.

Nikapanda kuelekea kituoni.
Soli mpya ikilia ko,
ya zamani ikinyamaza,
ko, kimya, ko, kimya,
kama watu wawili njiani
na mmoja tu ndiye mwenye la kusema.