Jicho la Mlangoni

Alipiga simu kabla sijanywa kahawa.
"Skrini inasema mia mbili na kumi na nne," alisema Leelo,
"na mlango ndiyo kwanza naufungua."
Kijiji chote cha Saarepuu hakifiki watu mia na tisini,
ukiwatia na wawili waliolazwa Võru.

Nilimjibu lile ninalowajibu wote:
zima, hesabu mpaka thelathini, washa.
Nikamsikia akihesabu, polepole, kwa sauti,
kama anayempa chenji mtu asiyemwamini.
Akawasha.
Mia mbili na kumi na nne.
"Imekula kiapo," akasema.

Ni kitu kidogo: jicho la plastiki kushoto mwa fremu,
jingine kulia, katikati uzi wa mwanga usioonekana.
Ukiukata, umehesabiwa.
Halmashauri iliifunga Septemba ili ijue
kama maktaba ina watu au ina vitabu tu.

Wiki nzima Leelo aliweka kiti kizingitini,
daftari la shule mapajani,
kila mtu kijiti kimoja cha penseli,
na Ijumaa akanisomea kama karani wa mahakama:

Hillar, aliyefuata gazeti,
akatoka mara nne kuvuta sigara:
mashine imeona watu kumi.
Mapacha wa Maive, wakigombea mlango bega kwa bega:
mtu mmoja.
Muri, mbwa wa mpeleka barua,
amelala kizingitini akimwota nani sijui:
mkia peke yake, wageni ishirini na watatu.
Na saa kumi na moja jioni jua la Machi
likapenya chini chini dirisha la magharibi,
likalitumbukia jicho:
sitini, na chumbani hakuna hata nzi.

"Halafu yuko Valve," akasema, sauti ikashuka.
Tangu mumewe azikwe huja mpaka kwenye kioo cha mlango,
husoma tangazo lile lile la kozi ya kufuma,
hupangusa viatu,
halafu hurudi alikotoka.
Mashine: sifuri.
"Na wewe umeandika nini?"
"Nilichora kijiti. Nikakifuta. Alama imebaki."

Alhamisi nilipanda basi na bisibisi zangu.
Nikayapandisha macho yote mawili juu ya kimo cha mkia,
nikalikinga la kulia na jua kwa kipande cha boksi la viatu,
nikaiamuru iwahesabu wanaoingia, iwaache wanaotoka.
Mapacha sikuwapatia dawa.
Tukangoja.
Jioni skrini ilisema kumi na tisa
na daftari lilisema ishirini.

"Sasa huu ndio ukweli," nikasema, kwa majivuno ya fundi.
Hakujibu. Alizitazama zile tarakimu mbili
kama mtu aliyenyoa ndevu za miaka
akakuta kidevu kumbe ni kidogo hivyo.
Fomu ya halmashauri ina kisanduku kimoja tu.
Hakina mahali pa alama iliyofutwa.

Akanimiminia chai, tukainywa tumesimama,
tukizungumza habari za barafu barabarani.
Nikaaga.
Kituoni nikamwomba dereva anisubiri dakika mbili,
nimesahau glavu.
Nikarudi mbio, nikaingia,
nikazunguka rafu ya ramani, nikamwitikia Leelo kwa kichwa,
nikatoka.

Glavu zilikuwa mfukoni.
Kwa hesabu ya siku ile mimi ni watu wawili,
na mashine haina kasoro yoyote.