Ukurasa wa Kumi na Nne

Pale Buxton, kibandani kwa Shekue,
mashine ya fotokopi yakohoa kama mtu wa pumu.
"Mwalimu," aniambia, wala hajanitazama,
"hizi noti zako za Historia ya Fikra
hazina ukurasa wa kumi na nne.
Ulilowa mwaka ule maji yalipoingia dukani.
Mie hutoa nakala mia mbili kila muhula.
Hakuna aliyekuja kuuliza."

Nikahesabu. Miaka tisa.

Wa kumi na tatu waishia: *Kwa hivyo binadamu huru ni yule*
Wa kumi na tano waanza: *na bei ya karafuu ikashuka.*

Ndivyo walivyoniandikia mitihanini, neno kwa neno,
binadamu huru ni yule na bei ya karafuu ikashuka,
nami, kalamu nyekundu mkononi, nikatia vema.
Mmoja wao sasa afundisha chumba cha pili.

Jumatatu, ukumbini Tudor, feni imekwama,
sikusoma kitu. Niligawa karatasi tupu.
"Andikeni ukurasa wa kumi na nne."
Kimya.
Kisha mtu akauliza kama utatoka kwenye mtihani.

Mkuu wa idara keshaniletea barua:
nieleze, kabla ya Ijumaa,
swali lisilo na jibu husahihishwaje.

Sijamjibu. Nimeshika karatasi ya Mwanahalima,
yule wa safu ya nyuma, asiyesema.
Mstari mmoja tu, kalamu imetoboa karatasi:

"Mwalimu, anza wewe."