Ngeli ya Seva

Mkataba una kurasa sitini na mbili,
na ukurasa wa arubaini wauliza: seva ni nini?
Hauulizi kwa alama ya kuuliza.
Wauliza kwa jedwali,
safu nne, ya mwisho shilingi.

Leo Jumamosi. Barabara ya Nkrumah, ghorofa ya tatu,
kiyoyozi kimekata roho tangu juzi
na karatasi zaninata viwikoni.
Mghoi yuko Shimanzi, katika chumba cha mitambo,
amevaa sweta mji mzima ukitoka jasho.
Yeye asoma kwa simu, mimi naandika.

Daraja la kwanza: zisizozimwa, hata Idi.
La pili: zikizimika, mteja avumilie saa nne.
La tatu: za majaribio, zife zitakavyo.
La nne: nyinginezo.
Neno hilo moja ndilo lililoniamsha leo,
kwani Hatimali, mhasibu wa mteja,
amesema hatoi ndururu kwa nyinginezo
hadi aonyeshwe ni nini, ni ngapi, na zamfanyia nini.

Na chuma hiki, auliza Mghoi, cha rafu ya tisa?
Kimoja, lakini tumboni mna seva kumi na nne
zisizo na mwili wala waya.
Nihesabu moja? Kumi na nne? Kumi na tano, na mama yao?
Bosi wangu ataka vichwa. Hatimali ataka magurudumu.
Pale Likoni, ferini, walilimaliza zamani jambo hili:
gari hulipa, wa miguu hupita bure.
Nikaandika: gari.
Nikafuta. Nikaandika tena.

Bi Mwanatumu, aliyetusomesha sarufi Tononoka,
alikuwa akisema: kipe kitu kitenzi,
chenyewe kitakwambia kwao wapi.
Seva imeanguka. Seva zimeanguka.
I-ZI, basi, jirani ya chupa na kalamu na nauli.
Nilidhani tumemaliza.

"Kuna mmoja huku chini," Mghoi akasema,
"nyuma ya betri. Hayumo kwenye orodha.
Ana vumbi la miaka, lakini bado anapumua."

Mmoja. Hayumo. Anapumua.
Nikainua kalamu.

Afanya kazi moja tu:
kila mwezi, tarehe ishirini na nane, saa nane za usiku,
huwatumia wa mishahara orodha ya walinzi wa ghala namba sita.
Orodha ina jina moja. Shekue Bwanaheri, zamu ya usiku.
Ghala lilibomolewa; siku hizi ni maegesho ya malori.
Shekue bado huja. Mghoi humwona akitoka kazini,
amekalia ndoo ya rangi, tochi pajani,
akilinda malori ya watu wasiomjua,
na mwisho wa mwezi simu humlilia mfukoni.

Nikimwita nyinginezo, Hatimali atauliza.
Akiuliza, watamzima.
Nikimtia daraja la kwanza, atauliza kwa sauti.
Mshahara si wangu, mtambo si wangu,
hata baridi ile si yangu.
Mkataba ndio wangu: koma zake nilizitia mimi.

"Tumweke wapi?"
Rafu ya tisa, nikamwambia. Abiria wa kumi na tano.
Kwa miguu.
Akanyamaza; nikasikia feni zikivuma upande wake,
kisha akasoma namba inayofuata.

Jumatatu Hatimali atakuja na rula yake ya mbao;
huipitisha chini ya kila neno kabla ya kulilipia.
Nimeisoma safu ile mara tatu. Mstari wa mwisho wasema:
seva wa kumi na tano, hatozwi.
Ningeweza kusahihisha.
Acha adhani ni kosa la chapa.