Ramani Nyuma ya Bahasha

Siku kumi na moja tulikaa Dar. Kabula wodini,
mimi nje, na saa mbili tu za kumwona:
asubuhi kwa uji, jioni kwa maneno.
Saa zilizobaki sikujua nizitie wapi.
Mtu wa reli hakai bure kwenye benchi.
Nikakata tiketi ya mwendokasi.
Kimara mpaka Kivukoni. Nikarudi.
Gerezani. Nikarudi. Morocco.
Kila njia niliifuata hadi ikaishiwa,
nikashuka, nikanunua karanga, nikapanda tena.

Miaka ishirini na sita nimegeuza reli Tabora:
huku Kigoma, huku Mwanza,
mkono mmoja juu ya wenzo, mabehewa yote yananitii,
yanakwenda, nabaki na vumbi lao.
Kumbe kuwa abiria kuna raha yake!
Unasinzia, ukipotea kosa si lako.

"Leo ulifika wapi?" Kabula akauliza.
"Mwisho."
"Kuna nini huko?"
"Basi linageuza."
Alicheka mpaka nesi akaja kutugombeza.

Tulirudi nyumbani na bahasha pana ya kaki,
ndani picha ya mbavu zake, nyeupe juu ya weusi.
Sikutaka kuitazama tena.
Nikaifudikiza mezani, nikaazima kalamu za rangi
kwa mtoto wa jirani,
nikachora nyuma yake treni za chini kwa chini
za mji wetu wa Tabora.

Nyekundu: Kipalapala, Kanyenye, Stesheni, Ipuli.
Bluu inaanzia Kwihara, inazama Itetemia,
inaibukia Ng'ambo ikipepesa macho.
Ya njano nikaiita Njia ya Asali: Tumbi hadi sokoni.
Nani atachimba?
Mchwa wa Unyamwezi walishaanza zamani,
sisi tutapanua tu.

Nikafanya kosa la kumwonyesha Msabila, fundi cherehani.
Kufika adhuhuri, kibanda chake kimejaa.
"Isevya mmeiruka. Tumewakosea nini?"
Huyo Mama Nyanzala, na kapu lake la dagaa.
"Ng'ambo vituo viwili, Cheyo hata kimoja!"
Shigela wa bodaboda hakupiga kelele,
alizima pikipiki, akauliza taratibu,
"Na sisi tutakula wapi?"
Nikamchorea kijiwe kwenye kila mdomo wa shimo.
Akahesabu. Akasema viongezwe.
Jumamosi nikaletewa barua, ina mhuri wa duka:
wakazi wa Kiloleni wanalalamikia ratiba.
Treni haipo, na tayari imechelewa.

Kabula alipanga nauli akiwa amelala.
Mia mbili. Wagonjwa bure.
"Na wanaokwenda kuwaona wagonjwa?"
"Hao walipe nusu, wanakula uji wetu."
Kisha akavuta bahasha karibu na taa,
akafuata nyekundu kwa ukucha, polepole, akasimama.
"Mbona hii inaishia Kitete?"
Nikasema karatasi ndiyo iliyoisha.
"Hospitali ni kituo cha kupita," akasema.
"Usiifanye mwisho."

Usiku ule nikagandisha kwa uji wa sembe
kipande cha mfuko wa saruji.
Nyekundu ikapita Kitete bila kukawia,
ikaenda Malolo, ikaenda kusikokuwa na jina,
nikaweka tu vidoadoa
na nafasi ya kuandika baadaye.

Jumatatu ilikuwa kliniki.
Daktari kijana, macho mekundu ya zamu,
aliipokea bahasha kwa upande wangu, si wake.
Akatazama. Akaigeuza kidogo, akairudisha.
Foleni nje ilikuwa inakohoa.
"Samahani," akasema, "mimi naishi Chemchem.
Nabadilishia wapi?"
Kabula akainuka kitini, akamwonyesha kwa kidole.
Ndipo akaitoa picha,
akawasha taa ya ukutani.