Wanaoamsha

Nguzo imelala kwenye shamba la pareto tangu Jumanne,
na Matamba nzima imerudi kwenye koroboi.
Sola ya juu ya bati haijaona jua, imeona ukungu tu,
inanipimia umeme kama muuza duka
anayepima mafuta ya kula kwa kijiko.

Mimi ni karani wa chama cha viazi.
Wakulima mia mbili na kumi na saba,
magunia yao, mbolea waliyokopa, nani kalipa nani kaapa kulipa,
wote wamo ndani ya kompyuta hii ya mtumba kutoka Mwanjelwa,
herufi M imefutika, bawaba moja nimeifunga kwa waya.
Mnunuzi anafika kesho saa nne.
Kazi iliyobaki: saa tano, kama vidole havitaganda.
Betri inasema: saa mbili na dakika kumi.

Lutengano, fundi aliyeniuzia,
alivaa koti la mvua hata ndani ya duka.
Akaniwekea Linux, akasema,
"Hii haina majivuno, mama. Iulize, itakujibu."
Akaniandikia maneno mawili nyuma ya risiti,
na risiti nikaitia ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani,
mahali ambapo hakuna kinachopotea.

Neno la kwanza: powertop.
Skrini ikawa nyeusi, ikaanza kutaja majina.

Sikujua kwamba mashine hulala.
Nilidhani ikiwaka imewaka.
Kumbe kati ya herufi na herufi husinzia,
usingizi wa mama mwenye kichanga,
na kila anayeigusa bega ameandikwa, na mara ngapi kwa sekunde.
Bluututhi, ikiita vifaa ambavyo sina.
Kamera, ikingoja uso.
Kadi ya mtandao, ikitafuta mnara ambao nao umezimika.
Programu fulani inayouliza kama kuna barua,
hakuna, inauliza tena.
Wote wakila wati kumi na nne nukta mbili
na mimi nikiandika jina moja tu: Tweve, Anyelwisye, gunia tisa.

Nikawazima.
Mwanga wa skrini nikaushusha
mpaka nikaanza kujiona ndani yake, kilemba na yote.
Neno la pili, tlp, likawaambia waliobaki
watembee polepole, wazungumze kwa zamu.
Wati tisa. Saba. Tano nukta sita.
Feni ikanyamaza, na hapo ndipo nikasikia
sakitu ikilikaza bati.

Saa tano na dakika ishirini, ikasema betri.
Nikacheka peke yangu kama mlevi wa ulanzi.

Lakini saa saba usiku, nikiwa kwenye jina la mia na arobaini,
nikajiuliza yangu ingetaja nini.
Mwanangu Chunya, anayepiga simu akikosa, akipata kimya.
Deni la kikoba.
Msumari wa paa, ule mmoja, kila upepo ukitoka Kitulo.
Na kikohozi cha Ezekia chumba cha pili,
miaka minne sasa chumba hicho kina viazi vya mbegu tu,
bado naamka kumpelekea maji.

Deni nilizima mpaka Jumatatu.
Msumari, mpaka kupambazuke.
Kijana nikamshusha sauti, si zaidi.
Kikohozi sikukigusa.
Wati zake nitazilipa.

Nilimaliza asilimia tisa zikiwa zimebaki.
Jina la mwisho ni langu: gunia sita, deni hamna.
Nikafunga kifuniko taratibu, kwa ajili ya ule waya,
nikalala na koti.

Umeme ulirudi saa mbili asubuhi, bila kuomba radhi.
Kompyuta ikala mpaka asilimia themanini, ikaacha sahani.
Ndivyo Lutengano alivyoifundisha; nilimwona mchoyo.
"Betri ikishiba kila siku, mama, inazeeka haraka," alisema,
akafunga koti lake mpaka kidevuni
akahesabu hela zangu mara mbili.