Malkia kwa Posta

Ciril, benki imeandika barua ya mistari miwili:
lugha ya seva yenu imezeeka,
baada ya Jumatatu hatutasemezana nayo.
Wafugaji mia tatu na tisa wa bonde la Tržič
hawataweza kulipia mizinga yao,
na wewe umelala chini ya theluji, huulizwi.

Nimefungua kabati la chini ya ngazi
ulimoiweka mashine, ubavuni mwa pipa la kukamulia.
Inanguruma. Inanuka nta.
PHP tano nukta nne, inajibu bila haya,
kama mtu anayetaja umri wake kwa fahari.
Nikaliuliza ghala rasmi: mna mpya?
Likajibu: hiyo hiyo ndiyo mpya.

Basi, ghala la nje.
La mtu baki, katika nchi nisiyoijua,
afungaye vifurushi usiku,
akavipiga muhuri wake,
akawaachia walimwengu mlangoni.

Mwenyewe ulinifundisha, Aprili ile ya baridi,
namna ya kumwingiza malkia aliyekuja kwa posta.
Hamwagwi tu mzingani, watamuua.
Hukaa kizimbani, mlango wake sukari,
vibarua wakailamba polepole, siku tatu,
na sukari inapokwisha
wamekwisha kuizoea harufu yake.
Mgeni njoo, mwenyeji apone,
lakini kwanza anuswe.

Nami nikamnusa.
Ufunguo wake una alama ya vidole,
herufi na tarakimu arobaini.
Vlasta mweka hazina akavaa miwani,
akazisoma kwenye karatasi
kwa sauti ile anayosalia rozari:
tisa, F, mbili, mbili, A,
nami nikizifuata kwa kidole kwenye kioo.
Zilipolingana zote akasema amina.
Sikucheka.

Nakala mbili za kila kitu,
moja mfukoni, moja ndani ya boksi la fremu.
Kisha nikabonyeza ndiyo.
Vifurushi arobaini na kimoja vikashuka,
mistari ikikimbia kiooni
kama nyuki wanaowahi mlango kabla ya mvua.
Mgeni hupewa jembe siku ya tatu;
huyu nilimpa papo hapo, nikaiwasha upya huduma.

Ukurasa mweupe.
Mweupe kuliko nje.

Daftari la makosa likanipeleka kwenye faili lako,
mstari wa mia mbili na kumi na mbili.
Juu yake uliandika:
"Usiguse. Inafanya kazi. Sijui kwa nini."
Ah, Ciril. Ile amri uliyoipenda
imefutwa katika lugha miaka mingi sasa,
bila mazishi, bila hata tangazo huku kwetu.
Nikagusa.
Maneno yako sikuyafuta. Chini yake nikatia tarehe
na yangu: "Nimegusa. Najua kwa nini, nusu."

Saa nane usiku majina yakarudi, lakini vilema:
kila Š alama ya kuuliza,
kila Ž vivyo hivyo.
Vlasta akajitafuta orodhani, akajikuta: ?vab.
"Hata mimi huwa najiuliza," akasema,
akaenda kuongeza kuni.
Nilisahihisha mstari mmoja tu
na vile vijipaa vikarudi juu ya herufi,
kila jina likapata pa kujisitiri na theluji.

Kikokotoo cha bei ya chavua bado kimekufa.
Hicho cha kesho.

"Huyo mtu wa ghala," Vlasta akauliza, "analipwa na nani?"
Na hakuna.
"Hakuna?"
Akaingia stoo, akatoka na chupa ya asali ya msonobari,
nyeusi, ile asiyowauzia watalii,
kisha akasimama nayo katikati ya chumba.
Anwani ya mtu huyo hatuijui.
Tunazo zile tarakimu arobaini tu.

Chupa tuliiweka juu ya mashine, penye joto.
Wiki ya tano sasa,
na asali haijaganda.