Penseli Yenye Uzi

Miaka thelathini na mmoja nimezifunga mimi
penseli za kupigia kura:
uzi wa katani, mafundo mawili, na la tatu kwa ajili ya wadokozi,
katika ukumbi wa kanisa unaonuka chai na makoti mabichi.
Marehemu mume wangu alikuwa akicheka:
Serikali inawaamini na nchi nzima, Enid,
ila na penseli, hapana.

Zamani hakuna aliyekuja na ya kwake.
Waliingia, wakainama vibandani kama watu wanaoungama,
msalaba mmoja, ahsante, mvua gani hii,
wakatoka.
Mbwa waliwangoja nje, wamefungwa kwenye uzio,
wa chama hiki na wa chama kile, wakinusana.

Kisha ikaja kura ile ya kubaki au kutoka.
Wilfred Ackroyd akaja na kalamu ya wino mfukoni.
“Penseli hufutika,” akasema, akinitazama mimi,
mimi niliyemkatia keki ya harusi yake,
kana kwamba usiku ningebaki na kifutio, nikilisugua taifa.
Nyuma yake kaka yake, Norris, akacheka kwa pua.
Hilo ndilo neno la mwisho walilopeana: pumzi ya puani.
Ukuta mmoja kati ya nyumba zao,
bango dirishani huku, bango dirishani kule,
na mfereji mmoja wa paa ukiwatiririkia wote.

Mwokaji alipoteza nusu ya wateja
kwa kibandiko cha ukubwa wa kiganja.
Kwenye televisheni, wa London walirushiana maneno
juu ya viti vya kijani,
na Spika akapaza sauti: Utulivu! Utulivu!
Sisi utulivu tulikuwa nao tele.
Ndio uliokuwa ukinitisha.

Mto haukusoma mabango.
Usiku wa pili baada ya Krismasi ulipanda Mtaa wa Kinu,
ukaingia namba kumi na nne, ukaingia kumi na sita,
ukabisha hodi ilhali umeshakalia kiti.
Wagombanapo ndugu, chukua jembe ukalime:
majembe tuliyachukua, naam,
ila shamba letu lilikuwa tope
na friji zilizolala kifudifudi.

Ukumbi ukafunguliwa. Meza ile ile.
Kalamu sikuona; niliona boksi la penseli na nyuzi zake.
Nikaorodhesha waliofika:
akina Qureshi, watu sita na kasuku.
Mwokaji, na mikate ambayo hakumuuliza mtu alipigia nini.
Bibi Tattersall, bila meno yake.
Kisha Wilfred, amelowa hadi kifuani,
mbwa wa Norris begani.

Nikauliza: Na Norris?

Hakujibu. Akaivuta penseli mpaka uzi ukakaza,
akaliandika mwenyewe jina la kaka yake
katika safu ya wasiojulikana walipo,
akalirudia juu kwa juu, akikandamiza,
hadi ncha ikavunjika.

Saa kumi alfajiri zimamoto walimleta Norris kwa boti ya mpira.
Hawakukumbatiana, kama ndilo mnalongoja.
“Umemlowesha mbwa,” akasema Norris.
“Nilimkuta ameshalowa.”
Wakakaa benchi moja, mbwa katikati,
wakitazama birika la chai kama linahutubia.

Nami nikatafuta kifutio, nikalifuta lile jina,
taratibu, karatasi isichanike.
Ndiyo, Wilfred. Penseli hufutika.

Kamba hukatikia pabovu, na pabovu tunapo pengi:
tuta la mto bado ni viroba vya mchanga,
mabango yamerudi madirishani, mapya, ya rangi kali zaidi.
Mwezi wa Mei alikuja tena na kalamu yake.
Sikusema kitu. Nilimpa karatasi.
Jana yake usiku nilikuwa nimezifunga zote upya,
mafundo mawili, na la tatu,
uzi mrefu kidogo kuliko mwaka uliopita.